Jina Lako Kwenye Muhtasari wa Mirathi

S.L.P. 41,
Butiama,
Mara.
12 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Hilda,

Pokea salamu za huku nyumbani. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bernado na watoto, na kwamba yule mdogo aliyekuwa akisumbuliwa na kifua sasa amepona. Tulisikia redioni kuwa mvua za huko kusini zilivuka kiasi na barabara zikakatika. Mikorosho yenu imesimama? Na ile nyumba mliyokuwa mnaezeka mmeimaliza?

Mimi mwili unaendelea. Mguu wangu bado ni mgumu asubuhi, jua likipanda unalegea. Mama ni mzima, anakula vizuri, na juzi nilimwona anapukuchua mahindi yake mwenyewe, hataki kusaidiwa na mtu. Mtama mwaka huu umekubali. Muhogo umepigwa na ugonjwa wa majani lakini tutavuka.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Simu nimeishika mara nyingi, nikaiweka. Najua kwenye simu ungenikatiza kwa kilio au kwa hasira, na mimi ningeanza kupunguza maneno. Barua hii nampa mwalimu mmoja aliyehamishiwa huko Masasi, akuletee mkononi.

Najua Kaka Machage amekwisha kukupigia. Na maneno yake nayajua, maana ndiyo aliyonirushia mbele ya watu: kwamba nimeuza ukoo kwa mwanamke, kwamba nimesimama mahakamani kinyume cha ndugu wa tumbo moja. Kusimama nilisimama, sikatai. Nakuomba tu usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu liko jambo linalokuhusu wewe mwenyewe ambalo Kaka hakukwambia, na mimi nimekuficha tangu mwezi wa kumi mwaka jana.

Ndugu yetu Felisiani alipofariki ile Agosti, wewe ulikuwa na wiki moja tu tangu ujifungue. Hakuna aliyekulaumu kwa kutokuja. Matanga yalipokwisha, mwezi wa kumi, Kaka Machage aliita kikao cha ukoo kule kule Bukima, uani kwa marehemu, ili achaguliwe msimamizi wa mirathi. Mimi nilipewa kazi ya kuandika muhtasari. Unajua tangu niwe katekista wanasemaga mkono wangu unasomeka.

Kabla ya kufika kwenye mirathi, Kaka alisimama akamwambia Nyamburi, mjane wa marehemu, mbele ya wote: "Mume wako ametangulia. Nyumba haikai bila mwanamume. Mdogo wangu Revocatus naye mke wake alitangulia. Sasa tumeona yeye ndiye akurithi."

Hilda, haki ya Mungu sikujua kama angelitaja jina langu. Tangu Esta wangu afariki sijawahi kufikiria mwanamke mwingine, sembuse mke wa ndugu yangu. Lakini sikupinga. Nilikaa na kalamu mkononi kama vile wanamzungumzia mtu mwingine.

Nyamburi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akainuka taratibu, akajifunga khanga vizuri, akasema: "Shemeji Revocatus namheshimu. Ndiye alikuja kwetu Mugeta kunitolea posa, akala ugali wa baba yangu. Lakini mimi siyo jembe la marehemu mligawane pamoja na majembe mengine. Sirithiwi. Nitakaa na wanangu humu humu."

Watu wakaguna. Wazee wawili wa upande wa mama mkubwa waliondoka hapo hapo, wakisema huo siyo mkutano wa kugawa mtu. Mimi nilitazama karatasi. Nitakueleza ukweli ambao sikumweleza hata padre kwa ukamilifu: sikumtaka Nyamburi, lakini kukataliwa mbele ya watu kuliniuma. Kuliniuma sana. Na Kaka aliposema neno lililofuata, maumivu hayo ndiyo yaliyousukuma mkono wangu kuliko hofu.

Kaka alisema: "Kama hataki kuwa mke wetu, basi hakuwahi kuwa mke wetu. Andika."

Nikaandika. Niliandika kwamba marehemu Felisiani hakuacha mke. Niliandika kwamba alikuwa akiishi na mwanamke mmoja pamoja na watoto watatu wa mwanamke huyo. Wa mwanamke huyo, Hilda. Kana kwamba Matrida, yule wa kwanza, hakuchukua paji la uso la Felisiani lote lilivyo. Kana kwamba yule wa pili hakupewa jina langu kwa sababu baba yake alinipenda. Niliandika kwamba ukoo kwa kauli moja umemchagua Machage.

Ilipofika orodha ya waliohudhuria, tulikuwa tumebaki sita. Kaka akasema sita ni wachache, mahakamani wataona kama ukoo umegawanyika. Kisha akasema: "Hilda angekuwepo angekubali. Mwandike."

Namba saba katika orodha ile ni wewe. Jina lako kamili, na mbele yake sahihi, ile H yako yenye mkia mrefu unayoiweka mwisho wa barua zako. Niliitia mimi. Sikukupigia kukuuliza. Iliniwia rahisi kuliko kuchora maua kwenye kadi ya Krismasi.

Nimeliandika neno hilo, sasa naweza kuendelea.

Wiki tatu baadaye Kaka alikwenda Bukima na kufuli kubwa. Nyamburi alikuwa ziwani anafua nguo, watoto wako shuleni. Aliporudi alikuta mlango umefungwa, vyombo vya kupikia vimetolewa nje na kupangwa ukutani, na mtu mwingine anapima shamba la mihogo kwa hatua. Akachukua watoto akarudi kwa baba yake Mugeta. Matrida aliacha darasa la tano katikati. Mimi niliyasikia hayo siku ya pili, nikaenda kanisani kusoma somo kama kawaida yangu.

Mwezi wa kwanza Kaka alifungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Alijua halitachukua muda. Nani angepinga? Nyamburi hana ndugu mwenye cheo, na wakili tulidhani ni kitu cha watu wa mjini.

Kumbe Jumapili moja Nyamburi alikwenda parokiani Nyegina, walikobatizwa watoto, kufuatilia vyeti vyao vya ubatizo, maana shule ya Mugeta ilivitaka. Baada ya misa likasomwa tangazo: kuna watu Musoma wanasaidia mambo ya sheria bila malipo kwa asiye na uwezo, mirathi, ardhi, matunzo ya watoto. Alitoka pale pale akatafuta njia ya kufika Musoma. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye benchi nje, na akinamama wamejaa tangu asubuhi. Walimsikiliza. Kisha wakamwambia alete barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba hana uwezo.

Baadaye Nyamburi alinisimulia kwamba ile barua ilimchoma kuliko kufuli. Alisema, "Naandikiwa na serikali kwamba sina kitu, wakati kitu ninacho, kimefungiwa." Lakini aliileta, na wakampokea.

Aliyemshughulikia anaitwa Euphrasia. Ni msaidizi wa kisheria, siyo wakili. Amesomea hayo mambo na kusajiliwa. Ni mama wa makamo, mfupi, miwani yake ameifunga uzi kwa nyuma. Wakili wao ni mmoja kwa watu wengi, kwa hiyo yeye aliandika karatasi za pingamizi tu, na Euphrasia akabaki kumfundisha Nyamburi namna ya kusimama mwenyewe. Walimweleza jambo ambalo sisi wote hatukulijua: kwamba mwanamke aliyekaa na mwanamume zaidi ya miaka miwili, na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inamhesabu kuwa mke mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na yeye alikaa na Felisiani miaka kumi na moja, na ng'ombe zilikwenda Mugeta mchana kweupe.

Kabla ya shauri kusikilizwa, Euphrasia alituita mimi na Kaka kwenye ofisi ya kata kwa usuluhishi. Kaka alikataa. Alisema hawezi kuitwa na mwanamke wa sheria za bure. Mimi nilikwenda. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuwaambia hatutaki.

Nilimkuta Nyamburi amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekonda. Hakunitazama. Aliniamkia tu, "Shikamoo, shemeji," kama desturi inavyotaka, nikaitikia. Euphrasia akatoa nakala ya muhtasari, ile karatasi yangu, mwandiko wangu.

"Mwalimu wa dini," akasema, "mimi sikukuita nikutishe. Nataka tusome pamoja, kama kuna kosa lirekebishwe hapa kabla ya kufika mbele."

Akaanza kusoma majina ya waliohudhuria, moja moja, anaweka kidole. Alipofika namba saba Nyamburi aliinua uso.

"Hilda alikuja?" akauliza. "Siku hiyo niliwapikia ugali na samaki ningu. Mbona yeye sikumpikia?"

Nikaitazama ile H yenye mkia.

"Siku hiyo hiyo Hilda alinipigia kutoka Masasi," akasema. Sauti yake haikupanda. "Alilia kwenye simu mpaka salio likaisha. Mtoto wake alikuwa analia nyuma. Sasa alikuwa analia huko Masasi, huku anatia sahihi kwangu?"

Hilda, sikujua kama ulimpigia siku ile. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Euphrasia aliikunja karatasi, kisha akasema: "Sitakuuliza leo. Mahakamani ndipo utaulizwa, na huko utakuwa umeshika Biblia. Nenda ukafikiri."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa mguu ulikuwa unauma. Sikumwambia Kaka tulichozungumza, ila alijua. Kesho yake alikuja kwangu. Unafahamu nyumba ninayokaa iko kwenye kiwanja cha Baba, na Kaka ndiye mwenye kauli pale. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Wewe ni shahidi wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekusomesha. Ukifungua mdomo vibaya, utafute pa kuishi."

Ni kweli alinisomesha, wewe mwenyewe unajua. Baba alipofariki Kaka aliacha shule, akachunga ng'ombe za watu ili sisi tushike kalamu. Hilo sitalisahau hata siku moja, na ndilo lililofanya wiki zile ziwe nzito. Nilikwenda kwa padre nikaungama. Nilidhani atanipa sala nitubu, nipumue. Akaniambia, "Sala nitakupa. Lakini neno ulilochukua halikuchukuliwa kwangu, lilichukuliwa kwa mjane. Likarudishwe huko."

Shauri lilisikilizwa mwezi wa nne. Chumba kilijaa, watu wa Butiama na wa Bukima, na baba yake Nyamburi kutoka Mugeta na fimbo yake. Kaka alivaa koti la Baba. Mama alikataa kuja. Wakili wa ile ofisi siku hiyo alikuwa na kesi nyingine Bunda, kwa hiyo Nyamburi alikuja na Euphrasia peke yake, na Euphrasia haruhusiwi kusema mahakamani. Alikaa benchi la nyuma kabisa, mikono amepakata.

Nikaitwa. Nikashika Biblia, nikaapa. Kaka akanihoji kwanza, nami nikajibu mambo madogo: tarehe ya msiba, tarehe ya kikao, nani aliandika. Kisha hakimu, naye ni mama, akamwambia Nyamburi kama ana swali kwa shahidi, aulize.

Alisimama na daftari la Matrida. Alilifungua mahali palipokunjwa. Mimi nilikuwa nimekamata ukingo wa kizimba.

"Shemeji," akasoma, "siku ya mahari yangu, msemaji wenu alikuwa nani?"

"Mimi," nikasema.

Watu wakanong'ona. Kaka akakohoa.

"Mtoto wangu wa pili anaitwa nani?"

"Revocatus."

"Kwa nini anaitwa hivyo?"

"Kwa sababu ndugu yangu alimpa mwanawe jina langu," nikasema.

Alifunua ukurasa. Nilijua linalokuja. Nikamtazama Kaka, naye alikuwa ananitazama, na Hilda, ile haikuwa hasira. Ilikuwa kama ananiomba. Kama siku zile nikiwa mdogo, akinipa kiazi chake mwenyewe anasema yeye ameshiba. Naliona lile jicho mpaka leo.

"Siku ya kikao," Nyamburi akauliza, "Hilda alikuwa wapi?"

Macho yangu yakashuka kwenye Biblia. Hakimu akasema, "Shahidi, jibu."

"Alikuwa Masasi."

Hakimu akavua miwani. Akauliza hiyo sahihi ni ya nani. Nikamwambia: "Mheshimiwa, jina ni lake, mkono ni wangu. Na hapo nilipoandika kwamba marehemu hakuacha mke, niliandika uongo. Huyu ni mke wa ndugu yangu. Wale ni watoto wa ndugu yangu."

Chumba kilipiga kelele mpaka karani akagonga meza. Kaka alitoka nje kabla sijashuka kizimbani. Hakimu aliniambia maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema, maana yanakuhusu: kwamba kughushi ni kosa la jinai, kwamba yeye analiandika kwenye mwenendo wa shauri, na kwamba mwenye jina akienda kulalamika polisi, nitajibu.

Uamuzi ulitoka Ijumaa ya tarehe kumi mwezi wa tano. Maombi ya Kaka yalikataliwa. Nyamburi ndiye msimamizi wa mirathi ya mume wake, kwa faida yake na ya watoto, na amepewa miezi minne alete orodha ya mali mahakamani. Nyumba ifunguliwe. Hakimu akamaliza kwa kusema asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa.

Nilikuwepo siku mtendaji wa kijiji alipofungua ile nyumba. Mimi sikualikwa, nilisimama nje ya ua pamoja na majirani. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likavunjwa. Ndani mbegu za maharage zilikuwa zimeliwa na wadudu zote, na godoro limetobolewa na panya. Watoto waliingia wanakimbia. Nyamburi alikaa kwanza kizingitini. Baadaye akaniona.

Nilimfuata nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Neno ulilosema mwezi wa nne, shemeji, ungelisema mwezi wa kumi, Matrida asingerudia darasa. Mimi sina la kukushukuru. Lakini watoto waje kukuamkia, nitawaruhusu." Akaingia ndani. Sikuwa na haki ya kutegemea zaidi ya hapo, na nisingependa nawe umfikirie vibaya kwa kunijibu hivyo.

Padre amenisimamisha kazi ya ukatekista mpaka Desemba. Jumapili nakaa benchi la nyuma kama mtu mwingine. Nimehama kwenye kiwanja cha Baba kabla Kaka hajanitoa. Nimepanga chumba karibu na mnada. Mama namwamkia nikiwa barabarani, yeye yuko ndani ya ua. Hatuzungumzi mambo ya kesi. Ananiuliza tu kama nimekula.

Sasa kuhusu wewe. Euphrasia aliniambia siku ile ile ya uamuzi: "Mwambie dada yako mwenyewe, asisikie kwa mwingine." Nimechelewa mwezi mzima. Nilitumia jina lako kumnyang'anya nyumba mwanamke uliyekuwa unalia naye. Ukiamua kwenda polisi huko Masasi, usione haya, na usiogope kwamba utanivunja. Nitakwenda nikajibu. Ukiamua kunisamehe, nitashukuru, lakini barua hii siyo ya kukubembeleza. Nimeona tu ulijue lote, kutoka kwangu.

Limebaki moja, la juzi Jumatatu.

Siku thelathini zilikuwa zinakwisha siku hiyo. Mwezi wote nilikuwa sipati usingizi, nasikia kwamba Kaka ameandikiwa rufaa na mtu fulani, nasikia amesema kesi itakwenda mpaka mwisho wa dunia. Nyamburi alikuwa amepanda viazi lakini hakuthubutu kununua hata godoro, anasema akifukuzwa tena atalibebaje. Nikaona bora niende Mahakama ya Wilaya mwenyewe, nijue kama imepelekwa ama haikupelekwa.

Nilimkuta Kaka pale pale. Amekaa kwenye benchi nje ya dirisha la karani, wa tatu kwenye foleni, bahasha ya kaki iko magotini. Koti la Baba hakulivaa. Nilimwamkia. Hakuitikia. Nikakaa mwisho wa benchi.

Baada ya muda akasema bila kunigeukia: "Umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kujua kama tutalala," nikasema.

Foleni ikasogea. Sasa alikuwa wa pili. Akawa anaisokota ncha ya bahasha kwa vidole. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea kabisa.

"Na kaburi?"

"Kaburi gani?"

"La Felisiani. Tulimzika pale uani. Yule mwanamke sasa ndiye mwenye pale. Nitakwenda vipi? Mimi nilimbeba huyo mtoto mgongoni, Revocatus. Mama alikuwa mgonjwa. Nilimbeba mpaka akajua kutembea. Sasa niombe ruhusa kwa nani nikapalilie kaburi lake?"

Miezi yote ya ugomvi hakuwahi kulisema hilo. Wala mimi sikuwahi kumuuliza. Nilitoa simu nikampigia Nyamburi pale pale kwenye benchi, na sauti ya simu yangu, unaijua, jirani husikia.

Nikamwambia niko na Kaka Machage mahakamani. Nikaongeza kwamba anauliza kuhusu kaburi, kama ataruhusiwa kuja. Nikasikia kuku na mtoto anaimba jedwali la hesabu. Nilijua kabisa anafikiria mlango wake, na vyombo vilivyopangwa ukutani.

"Mwambie aje," akasema. "Aje mchana. Abishe hodi, asubiri mpaka nimkaribishe."

Simu ikakatika. Sikuhitaji kumrudia Kaka maneno hayo, alikuwa ameyasikia yote.

Karani akaita, "Anayefuata!" Kaka hakuinuka. Karani akaita mara ya pili. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akauliza kama tuko kwenye foleni au la. Kaka akasogeza magoti, akampisha.

Tulikaa pale mpaka dirisha likafungwa. Aliondoka na bahasha yake kwapani, kwa njia yake, nami kwa yangu. Leo asubuhi Matrida amenipigia kwa simu ya mama yake. Anasema baba mkubwa amekuja na jembe, amesimama nje ya ua, amebisha mara tatu, na mama bado hajaitikia, anamalizia kufunga khanga.

Msalimie sana shemeji Bernado, na watoto wote kwa majina yao. Mwambie mama mkwe wako kwamba tulipata salamu zake za Pasaka. Mama anakusalimu, hajui kama nimekuandikia haya, ila anajua nakuandikia. Nyamburi na wanawe watatu wanakusalimu pia, hao kwa midomo yao wenyewe.

Mungu awalinde katika nyumba mnayolala, na awape chakula mnachokula kwa amani.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda, ijapokuwa umekasirika,

Revocatus